Mpangaji wa Kibarazani

Jana mchana, nimekwisha kulishwa uji vijiko vitatu na kukataa cha nne, niliota. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Marehemu mume wangu, Kibwana, ndiye aliyekuwa akiota kwa niaba ya nyumba nzima. Akiamka ananisimulia huku nachochea moto wa chai, nami namjibu "heri, inshallah" bila kumsikiliza. Hii ya jana niliiota mwenyewe, na naieleza kama ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Kwanza mjue nilipo. Mimi ni Mwantumu wa Ngamiani, Tanga, mwenye nyumba ya vyumba sita ninayoikaa peke yangu. Sasa nimelazwa hospitali katika chumba cha kutengwa, kwa sababu mafua yaliyonianza kama yanavyomwanza kila mtu yalishuka mapafuni. Daktari alisema ni kirusi. Alisema watanisaidia kupumua, na kazi kubwa iliyobaki mwili utaifanya wenyewe. Nikamuuliza, na mwili ukishindwa? Akainama akatazama viatu vyake.

Humu haingii mtu ila nesi Skolastika, naye kajifunika mpaka machoni. Mwanangu Twalibu yuko Songea, dada yake Zaitoni yuko Muskati. Wanapiga simu. Mimi sina pumzi ya kusema neno, basi tunasikilizana tu, wao huko na mimi huku, mpaka mmoja akate. Msiombe yawakute.

Nimelala hivyo, barakoa ya oksijeni usoni, kidole changu kimebanwa na kile kibanio kinachopima hewa kwenye damu. Kibanio ndicho kilichoanza.

"Tunashuka," kikasema.

"Tunashuka kwenda wapi?"

"Mimi natangaza tu. Mambo ya wapi sihusiki."

Mtungi wa oksijeni uliosimama kichwani kwangu ukajikohoza. "Lawama zisije kwangu," ukasema. "Mimi nabeba mzigo nafikisha mlangoni. Nabisha, hakuna wa kunipokea. Vyumba vingine vimefungwa, vingine vina maji. Mwenye nyumba ni wewe. Nenda kaangalie."

Nikaona una hoja. Nikavua kandambili, nikaingia puani mwangu. Si kazi ngumu kuingia puani mwako mwenyewe, unainamisha kichwa kidogo na kukusanya nguo isiburuzike.

Nikatokea nyumbani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne. Mlango ni ule ule wa mbao aliouchonga fundi wa Pongwe, kibaraza ni kile kile. Kilichobadilika ni kuta. Zilikuwa na unyevu, rangi yake ya ufizi, na zilikuwa zinatanuka na kurudi. Sikushangaa. Nilichofikiri ni kwamba itabidi nitafute fundi wa chokaa.

Kibarazani kakaa bibi mmoja mdogo sana, mviringo, hana shingo. Kajifunga kanga moja na kujitanda nyingine, anachambua makuti apate chelewa za ufagio. Hakuinua macho.

"Umechelewa," akasema.

"Nani mwenzangu?"

"Bi Mwanamvua. Mpangaji wako wa puani."

"Mimi sina mpangaji. Vyumba vyangu ni vya wanangu, siku watakaporudi."

"Mwanangu, nakaa hapa tangu siku uliyozaliwa. Marehemu mama yako ndiye aliyenileta. Alikubusu usoni kabla hujafutwa vizuri, nami nikashuka. Hujaniona kwa sababu mimi ni mdogo kuliko vumbi, na kwa sababu hujauliza."

Nilitaka kubisha, lakini alivyolitaja jina la mama yangu, na pale alipokuwa akipenda kukaa, na wimbo aliokuwa akiimba akipeta mchele, nikaacha ubishi. Mtu aliyemjua mama yangu nilidhani hayupo tena duniani. Kumbe alikuwa kwenye pua yangu.

"Ulikuwa peke yako siku zote hizo?" nikamuuliza.

"Mimi? Nyumba ilijaa hii! Wengine walikuja na Kibwana wako mlipooana. Wengine waliletwa na watoto, walipokuwa wakikulalia kifuani na kukupigia chafya. Kila mtu anayekukaribia hukuachia mpangaji mmoja wawili. Tulikuwa na zamu ya kufagia. Takataka zote tunazisukuma kutoka ndani kuja nje, na mgeni akibisha anaitikiwa. Kisha akaja dalali."

"Dalali gani?"

"Mwenye koti la rangi mbili, huku jekundu, huku jeusi. Akatoa watu wote nje na magodoro yao. Hakuuliza nani mwema, nani mkorofi. Mimi nilijibanza nyuma ya unywele huu hapa."

Nikamjua mara moja. Kikohozi kilipoanza, jirani yangu Bi Asumini alinipenyezea dirishani vidonge vyake vya rangi mbili, vilivyobaki alipougua jino. Bi Asumini anapanga chumba ng'ambo ya barabara, na kila jioni huja kukaa kibarazani kwangu. Nikavimeza vyote kwa chai.

"Nilipewa na jirani," nikasema. "Utakataaje kitu cha jirani?"

"Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba kirusi hakikuguswa. Dalali yule hutoa wapangaji, na kirusi hakijawahi kupanga popote."

Hapo tukasikia ndani: "Hodi!"

Sauti ya adabu, ya mtu aliyesoma. Nikachungulia. Koridoni kasimama bwana mwembamba, koti lake limejaa vifundo pande zote, mkononi hana begi wala mfuko wa rambo. Anabisha mlango wa kwanza. "Hodi. Hodi. Hodi." Kimya. Anafungua, anaingia.

"Mbona anaingia?" nikanong'ona. "Hodi tatu usipoitikiwa unarudi ulikotoka."

"Hiyo ni kwa mtu mwenye kwao," akasema Bi Mwanamvua. "Huyo hana kwao. Hana jiko, hana sufuria, hana kijiko. Anaingia chumba cha mtu anapikiwa humo humo mpaka chumba kinakufa. Akisikia kuna watu, anapita. Akisikia kimya, anajua pake."

Kabla hajamaliza mlango ukafumuka. Wakatoka mabwana wembamba mamia, koti moja, adabu moja, wakisema "samahani, samahani" wakipishana. Nyuma yao chumba kimejaa maji mpaka usawa wa dirisha.

"Tunashuka," kikasema kibanio kwa mbali.

Nikakimbia ndani. Nyumba yangu ina korido moja, lakini hii ilikuwa inagawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena, na milango haina idadi. Njiani nikapishana na mgambo. Walikuwa wakubwa, wamevaa meupe, wanamtafuta huyo mgeni, na kwa kuwa hawamwoni wanavunja kila kitu. Nikawakuta wanaipasua kabati yangu ya vyombo.

"Nyie! Yumo humo kabatini?"

"Hayumo, mama," akasema mkubwa wao. "Lakini hatutaki kuacha nafasi ya shaka."

Nikawaacha, maana mabwana wembamba walikwisha fika mlango wa pili. "Hodi!" Nikajitupa ndani kupitia dirishani, nikaitika: "Kuna watu!" Nikasikia vidole vyao vikigusa kofia. Wakapita.

Basi nikaona njia. Nikapenya chumba cha tatu. Chumba hicho kilikuwa behewa la treni, kinanuka mafuta ya injini, kwa sababu Kibwana alifanya kazi reli. "Hodi!" Nikakohoa kwanza kama alivyokuwa akikohoa, nikasema kwa sauti nzito, "Naam! Nani mwenzangu?" Wakapita. Mimi nikabaki nimekaa kwenye sakafu ya behewa. Sauti ile sijaisikia miaka minane, na sasa nimeisikia inatoka kooni mwangu. Nilitamani wabishe tena nipate kuitika tena.

Chumba cha nne niliitika kwa sauti ya Zaitoni alipokuwa mdogo: "Nipo! Mama anaoga!" Cha tano nilikuwa Twalibu anayevunja sauti. Cha sita nililia kitoto kichanga. Huko mbele sikuwa na watu wa familia tena, nikawa mama mkwe, nikawa fundi cherehani aliyewahi kupanga kwa jirani, nikawa mwalimu wangu wa madrasa. Nakimbia, naitika, nakimbia. Kifua kinawaka. Kila sauti inatoka nyembamba kuliko iliyopita.

Mlango mmoja bwana mwembamba hakupita. Akaweka sikio kwenye mbao.

"Mama," akasema kwa upole, "samahani sana. Huyu mzee, na huyu mtoto, na huyu mwalimu, wote wanavuta pumzi mahali pamoja. Nadhani nyumba hii haina mtu. Nadhani ni wewe tu unayezunguka."

Ningeweza kukataa. Miaka minane nimewaambia watu sokoni na msibani kwamba wanangu wako njiani, vyumba nimevitandika, mashuka nayafua kila wiki. Lakini pumzi ya uongo ni ndefu, nami sikuwa nayo.

"Ndiyo," nikasema. "Nakaa peke yangu."

"Pole sana," akasema, na akatundika kofia yake kwenye komeo la mlango wangu.

Nikageuka nikakimbia kurudi kibarazani. Njia ya kurudi haikuwa ile ya kuja. Nikajikuta kwenye foleni ya maji bombani, ndoo tupu zimepangwa kutoka mwanzo wa barabara hadi mwisho, kila ndoo imewekwa ishike nafasi ya mwenyewe, na wenyewe hawapo.

"Wamekwenda wapi?" nikaiuliza ndoo ya kwanza.

"Walitolewa na dalali."

"Watarudi?"

"Wasingerudi wangetubeba," ikasema ndoo. "Ila hawarudi kwenye nyumba isiyofagiwa. Usitupange upya tafadhali, tumeshajuana."

Nikafika kibarazani natambaa. Bi Mwanamvua yuko pale pale, ufagio umekwisha kufungwa, kauweka mapajani.

"Ingia unisaidie," nikamwambia. "Wanaingia vyumba vya mwisho. Vile vikijaa, nimekufa. Humu ndani hakuna mtu wa kuitika."

Hakuinuka.

"Bi Mwanamvua! Unasikia?"

"Nasikia. Miaka sitini na moja nimekaa hapa nasikia. Kila anayekuja anaambiwa pita ndani. Mimi chai naletewa hapa hapa kibarazani, maongezi hapa hapa, jua likizama naambiwa haya, tutaonana kesho. Mtu hajipitishi kwenye vyumba vya watu, mwanangu. Mama yako alinifundisha adabu."

"Ungesema!"

"Niseme nini? Nijikaribishe?"

Nikamtazama. Ni kweli, mtu wa barazani ni wa barazani, hata akizeeka hapo. Ndivyo tunavyoishi na hakuna anayeona ubaya. Nikasimama kwa kushika ukuta, ukuta unanishika na wenyewe. Nikashuka ngazi ya kibaraza changu mwenyewe, nikasimama chini barabarani kama mgeni. Tangu Kibwana afe sijabisha kwa mtu. Watu ndio wanaobisha kwangu, na wengine nawasikia nanyamaza.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akasema Bi Mwanamvua.

"Nimekuja kukuomba. Pita ndani. Pita mpaka chumba cha mwisho, ulale humo, ufunguo uwe wako."

Akakunja mkeka wake polepole, maana aliona fahari na hakutaka iishe upesi. Akachukua ufagio. Akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Akiwa koridoni akasimama, akajinyoosha, akakatika katikati, wakawa Bi Mwanamvua wawili.

"Usishangae," wakasema. "Sisi hatusubiri wachumba."

Wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane, kila mmoja na ufagio wake na kanga yake, na kila mmoja analalamika jinsi nyumba ilivyoachwa. Wanafagia. Maji yanasukumwa kutoka vyumbani kuja koridoni, koridoni kuja mlangoni. Wanawafikia mgambo na kuwapokonya marungu. "Kabati imewakosea nini? Mpige mwenye koti la vifundo, vyombo viacheni!" Mgambo wanainamisha vichwa.

"Hodi!" wanasema mabwana wembamba kwenye chumba cha mwisho.

"Kuna watu!" wanaitika Bi Mwanamvua.

Bwana mwembamba akasita. "Sauti hizi nazo ni moja," akasema.

"Ni moja, lakini tuko wengi. Hesabu ukitaka."

Hakuhesabu. Walioingia hawakutoka siku hiyo, sitawadanganya, niliona kofia zao bado kwenye makomeo ya vyumba vingi. Lakini hakuingia mwingine. Huko foleni nikasikia ndoo ikigongana na ndoo, wenyewe mmoja mmoja wamekuja kuchukua nafasi zao. Nikakaa kibarazani, mahali pa Bi Mwanamvua palipokuwa bado pa moto, nikasikiliza nyumba yangu ikiwa na watu. Nililia, na sikujificha.

Nikaamka. Nesi Skolastika kaniinamia, plastiki yake inachakarika.

"Umelala vizuri leo, mama. Hewa imepanda kidogo. Kidogo, lakini imepanda."

Nikakitazama kibanio. Hakikusema kitu.

"Ulikuwa unaweweseka," akasema. "Pita ndani, pita ndani. Nikasema huyu mama ananikaribisha na mimi nimeshaingia."

"Nani... yuko... nje?" Maneno matatu, na nilipumzika kila neno.

"Nje? Yuko yule mama wa kila siku. Anakaa kwenye benchi chini ya dirisha la wodi. Tumemwambia haruhusiwi kuingia, akasema hajaomba kuingia, amezoea kukaa nje."

Bi Asumini. Miaka minane kwenye kibaraza changu, na sijamwambia hata siku moja aingie aone chumba kimoja, kwa sababu mashuka yalikuwa ya watoto. Chai yake nampa kwa kumpitishia mlangoni.

Ufunguo wa nyumba naufunga kwenye pindo la kanga, na kanga hiyo haijaniacha tangu niletwe. Nikalifungua fundo. Ilinichukua muda, vidole havina nguvu, na nesi alitaka kunisaidia nikakataa. Nikamwekea ufunguo kwenye glovu yake.

"Mpe, mwanangu. Uupulizie dawa kwanza. Mwambie apite ndani. Alale chumba anachotaka. Asikae... kibarazani."

"Nitamwambia, mama. Usiongee sana sasa."

Akaushika mkanda wa barakoa yangu auweke sawa. Akasita. Akaingiza vidole viwili ndani ya barakoa, karibu na pua yangu, akatoa kitu akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kipande cha chelewa, kifupi, bado kibichi, kimekatwa kwa kisu.

"Hii imeingiaje humu? Sisi hapa tunapiga deki tu, hatuna mafagio haya." Akageuka kutafuta ndoo ya taka.

"Usikitupe," nikasema. "Kina mwenyewe."